Umeme ukirudi, usikimbilie kuwasha: historia ya kompyuta, joto na giza letu



Baada ya lile somo la homa za watoto, mama mmoja aliniandikia: "Nesi, ya afya tumekuelewa. Sasa laptopu yetu kila umeme ukikatika na kurudi inawaka, inapata moto, inajizima. Nayo ina homa?" Nilicheka peke yangu. Halafu nikakumbuka usiku mmoja ambao sikucheka hata kidogo. Basi leo tunazungumza mashine. Nimegawa vipande 8, soma kidogo kidogo mtoto akilala.

1. USIKU ULE

Ilikuwa Machi, mvua za Mbeya zile zinazopiga hadi bati linaomba msamaha. Nilikuwa zamu ya usiku, wodi ya wazazi, kwenye hospitali ambayo haina haja ya kutajwa. Saa nane usiku radi ikapiga, umeme ukaondoka. Jenereta ikawaka kwa ajili ya taa na vifaa vya watoto, ila laini yake haikufika kwenye meza ya kompyuta. Wagonjwa wako salama, tukaendelea.

Karibu saa kumi umeme ukarudi. Ukaondoka. Ukarudi. Ukaondoka. Ukarudi tena. Na mimi kwa haraka zangu, kila uliporudi nilibonyeza kitufe. Mara ya tatu kompyuta ikawaka dakika kama tano, feni yake ikalia kama mashine ya kusaga, ikajizima.

Ilipokubali kuwaka asubuhi, tarehe yake ilisomeka Januari 2009. Yaani kwa hesabu za mashine, kichanga aliyezaliwa usiku ule alizaliwa mama yake akiwa chekechea. Tulicheka, lakini kicheko hakikukaa. Taarifa za wazazi wanne nilizoingiza kabla ya giza hazikuwepo. Mmoja wao alikuwa wa Chunya, ameshafunga mizigo, mtoto amevishwa kofia tayari kwa safari. Mashine ikaendelea kuwaka na kuzima hadi mchana. Basi lake likaondoka. Alilala tena pale kwa sababu ya kidole changu.

Kilichotuokoa ni kitabu cha MTUHA. Uzito, saa ya kuzaliwa, jinsia, vyote vilikuwa vimeandikwa kwa kalamu. Tukaingiza upya. Tangu siku hiyo nikawa nauliza mafundi, nikasoma, na nikagundua kwamba kosa langu lina umri karibu sawa na umri wa kompyuta zenyewe.

2. KOMPYUTA YA KALE NAYO ILIOGOPA KUZIMWA

Twende Marekani, mji wa Philadelphia, Februari 1946. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kinaonyesha dunia mashine inayoitwa ENIAC. Usifikirie laptopu. Ilikuwa na uzito wa tani 30 hivi, imejaza chumba kizima, na ndani yake kulikuwa na taa za kioo zipatazo 18,000, kila moja kama balbu ndogo. Ilikula umeme wa kilowati 150. Na kwa kuwa huu ukurasa ni wa akina mama, nikwambie pia kwamba waliokuwa wa kwanza kuipangia kazi zake walikuwa wanawake sita.

Sasa balbu 18,000 zikiwaka kwenye chumba kimoja unajua joto lake. Ilibidi wafunge mafeni makubwa ya kupuliza hewa. Lakini tatizo kubwa halikuwa joto la kazini. Waligundua kwamba taa zile ziliungua zaidi wakati wa kuwasha na wakati wa kuzima. Ikiwa baridi halafu ikapata moto ghafla, chuma na kioo vinatanuka, kitu kinapasuka. Wakafanya uamuzi ambao bibi yangu angeuita ubadhirifu: wakaacha kuizima. Usiku na mchana, iwe na kazi au isiwe nayo, iliachwa inawaka. Hata hivyo taa ziliendelea kufa moja moja, na rekodi yake nzuri kuliko zote, ya mwaka 1954, ilikuwa saa 116 bila hitilafu. Siku tano hazifiki!

Hapo ndipo somo letu linapoanzia. Mashine haiumizwi sana na kazi ya kila siku. Inaumizwa na kushtuliwa. Wale walikuwa na uwezo wa kusema "tusiizime." Sisi wa Mbeya na Iringa hatuna uwezo huo, tunazimiwa.

3. NCHI YETU ILIWAHI KUPIGA MARUFUKU KOMPYUTA

Wengi hamjui hili. Kompyuta ya kwanza Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Zikafuata nyingine chache kwenye taasisi kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ikataka kuhamishia hesabu zake kwenye mashine. Kazi ikaharibika. Mahesabu yakavurugika, fedha nyingi za kigeni zikatumika, wataalamu wa hapa nyumbani hawakutosha. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ukitaka moja, uombe kibali maalumu. Katazo lile lilikuja kulegezwa miaka ya 1980, biashara ilipofunguliwa.

Kizazi chetu tunaweza kucheka, tukasema wazee waliogopa maendeleo. Mimi sicheki sana. Ukiangalia vizuri, walichokipata ni kile kile kilichonipata mimi: mashine imeletwa, wa kuitunza hayupo. Tofauti ni kwamba wao waliizuia mlangoni, na sisi tumeifungulia mlango bila kumfundisha mtu.

Kwa hiyo miaka ambayo wenzetu walikuwa wanajifunza taratibu, kompyuta ya ofisini, kisha ya shuleni, kisha ya nyumbani, sisi tuliruka. Mama zetu wengi walikutana na kompyuta kwa mara ya kwanza ukubwani, tena moja ya mtumba, imewekwa sebuleni na kufunikwa kitambaa cha kudarizi kama redio. Kitambaa hicho tutakirudia, kina kesi ya kujibu.

4. MAJI YA USANGU, TAA ZA NCHI

Kwa nini umeme unakatika? Watu wa Nyanda za Juu Kusini tuna haki ya kuuliza kwa uchungu kidogo, maana kwa miaka mingi umeme wa nchi ulitokana na maji yetu.

Maji yanashuka kutoka milima yetu, yanaingia bonde la Usangu, Mbarali kule kwenye mpunga, yanakuwa Ruaha Mkuu. Mto unapita hifadhini hadi bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma, halafu unashuka hadi Kidatu. Kidatu ilianza kuzalisha mwaka 1975 na baadaye ikafika megawati 204. Mtera ilijengwa kwanza kama ghala la kuitunzia Kidatu maji, mitambo yake yenyewe ya megawati 80 ikaanza 1988. Mwaka 2000 ikaongezeka Kihansi, megawati 180, nayo ya huku huku kwetu.

Kabla ya hapo miji yetu ilijitegemea. Tangu miaka ya 1950 Iringa ilikuwa na kituo kidogo cha maji pale Tosamaganga, Mbeya ikawa na kimoja Mbalizi, na majenereta ya dizeli. Miaka ya 1980 ndipo laini kubwa ya gridi ikavutwa kutoka Kidatu, ikapita Iringa na Mufindi, ikafika Mbeya. Sasa fikiria bomba refu la maji lenye nyumba nyingi njiani. Wa mwisho anapata nini? Presha ndogo. Mji ulio mwisho wa laini ndefu una shida hiyo hiyo ya umeme mdogo, na njiani kote kuna radi, upepo na miti ya kuangukia waya.

Halafu mvua zikawa zinagoma. Mwaka 1992 mgawo. 1994 mgawo. Mwaka 2006 mabwawa yakashuka vibaya, nchi ikawa gizani mchana kutwa. Nilikuwa sekondari, nakumbuka tulisomea koroboi hadi pua nyeusi. Mkataba wa umeme wa dharura wa mwaka huo, ule wa Richmond, ndio uliomfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Mwaka 2011 mgawo tena. Mwishoni mwa 2023 tena.

Wenzetu wa Zanzibar, ambao umeme wao unatoka bara kwa waya wa chini ya bahari, walikaa karibu mwezi mzima bila umeme mwaka 2008, na karibu miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Mtafiti mmoja alikwenda kuangalia uzito wa watoto waliozaliwa baada ya lile giza la 2008. Akakuta waliokuwa tumboni kipindi hicho walizaliwa wakiwa na uzito mdogo zaidi, kwa sababu kazi zinazotegemea umeme zilisimama na kipato cha nyumbani kikayumba. Dada yangu, ukiambiwa umeme ni anasa ya kutazamia tamthilia, kumbuka wale vichanga.

Sasa hivi tuna Bwawa la Julius Nyerere, mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024. Na bado, tarehe 1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka, gridi ya taifa ilipata hitilafu, nchi ikawa gizani. Kuwa na umeme mwingi ni jambo moja, kuufikisha mlangoni kwako bila kuyumba ni jambo lingine. Kuna mradi wa laini ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya hadi Sumbawanga, nao ni wa kusaidia. Lakini radi ya Machi haisomi ramani za miradi. Kukatika kutakuwepo, sisi tujifunze kuishi nako.

5. KWA NINI KURUDI NI HATARI KULIKO KUONDOKA

Mtoto mwenye utapiamlo mkali akifika kwetu, hatumpi sahani ya wali na nyama, hata kama mama analia kwa huruma. Tunaanza na maziwa maalumu, F-75, kidogo kidogo, usiku na mchana. Mwili uliokaa na njaa ukipokea chakula kingi ghafla unaweza kuua mtoto ambaye njaa yenyewe haikumuua.

Shika picha hiyo. Umeme ukikatika mtaani, kila friji, pasi, pampu na mashine ya kusaga inabaki imewashwa, inasubiri. Umeme ukirudi vyote vinaruka kwa pamoja. Umeme wa nyumbani kwetu unatakiwa uwe volti 230, lakini dakika zile za kwanza unashuka, unapanda, unashuka. Ndiyo maana unaona balbu inafifia kisha inang'aa kupita kiasi. Pengine hitilafu bado iko kwenye laini, umeme unarudi na kukatika mara mbili tatu kabla haujatulia. Mimi usiku ule nilikuwa nabonyeza kitufe katikati ya vurugu hiyo.

Ndani ya kompyuta yanatokea haya:

Umeme ukiwa mkubwa ghafla, kile kisanduku kinachopokea umeme, au chaja ya laptopu, kinapigwa. Kinaweza kufa pale pale, au kikajeruhiwa kikafa taratibu.

Umeme ukiwa mdogo, watu wanadhani ni salama. Kumbe hapana. Kompyuta inahitaji nguvu ile ile, kwa hiyo chaja inavuta mkondo mkubwa zaidi kufidia, nayo inapata moto. Gusa chaja yako siku ya umeme mdogo utaniambia.

Ikizimika ghafla ilikuwa inaandika kitu kwenye diski, maandishi yanabaki nusu. Ikiwaka inaanza kujikagua, huku programu ya kuzuia virusi nayo inakagua, na masasisho nayo yanashuka. Hapo haijafanya kazi yako hata moja na tayari inahema.

Na ile tarehe ya 2009? Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara kama kifungo cha koti. Kazi yake kubwa ni kutunza saa wakati hakuna umeme. Ikichoka, kila umeme ukikatika mashine inasahau leo ni lini, na tovuti nyingi zitakataa kufunguka kwa sababu tarehe hailingani. Watu wanaita fundi, wanalipa hela ya kuweka programu upya, kumbe ugonjwa ni kibetri ambacho hata fundi saa anacho.

6. KOMPYUTA ZILIZOZALIWA WAGONJWA

Usijilaumu kwa kila kitu lakini. Kuna mashine ziliingia sebuleni kwetu zikiwa na maradhi tayari.

Kwenye bodi kuu ya kompyuta kuna vikopo vidogo vilivyosimama kama betri za tochi zilizopunguzwa. Vinaitwa kapasita, na kazi yake ni kutuliza umeme unaoyumba kabla haujafika kwenye akili ya mashine. Kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, dunia ilijaa kapasita mbovu. Dawa ya majimaji iliyomo ndani haikuchanganywa sawasawa. Ikipata joto inatoa gesi, kikopo kinavimba kichwani kama maandazi, kinavuja, na kompyuta inaanza kuganda, kujizima na kujiwasha yenyewe.

Hata kampuni kubwa ziliumia. Dell, kwa mfano, iliuza kompyuta zisizopungua milioni 11.8 kati ya 2003 na 2005 zilizokuwa kwenye hatari hiyo, na mwaka 2005 ikatenga dola milioni 300 za kurekebisha. Kesi zikaenda mahakamani. Chuo kimoja cha Texas kilipolalamika kwamba mashine zake zinakufa, kilijibiwa kwamba labda zinapigishwa hesabu ngumu mno! Kompyuta kushindwa kwa sababu ya hesabu. Ni kama uambiwe ng'ombe wako kaumwa kwa sababu alikula majani.

Mashine za miaka ile ziliisha muda wake Ulaya na Marekani wakati sisi ndio tunazihitaji, na Afrika ikapokea mitumba mingi. Sasa chukua kompyuta yenye kapasita dhaifu kwa joto, ilete kwenye umeme unaoyumba, uifunike kitambaa cha kudarizi. Halafu watu wakasema mchawi.

Ukimpelekea fundi mashine ya zamani inayozima hovyo, mwombe akuonyeshe vile vikopo. Vichwa vyake viwe bapa. Kilichovimba kinabadilishwa, si cha kuombewa.

7. BARIDI YETU INATUDANGANYA

Mbeya tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa hawako mbali na hapo. Juni na Julai tunavaa masweta mawili. Kwa hiyo mtu anasema, "Kompyuta ipate moto huku? Hiyo ni shida ya Dar."

Fundi mmoja wa Mwanjelwa alinifungulia laptopu ya mdogo wangu wa Iringa. Kwenye feni kulikuwa na tabaka la vumbi lililoshikana na nyuzinyuzi kama kipande cha godoro. Akanitazama akasema, "Dada, hii imeuliwa na blanketi."

Ndivyo ilivyokuwa. Mdogo wangu ana kichanga. Anamnyonyesha kitandani, laptopu iko juu ya blanketi, inachajiwa, anaangalia filamu. Laptopu inavuta hewa kwa chini na kuitoa pembeni, blanketi limeziba pua zote. Ukiongeza vumbi letu la Julai hadi Oktoba, lile jekundu linaloingia hata kwenye kabati lililofungwa, feni inanyongwa. Baridi ya nje haisaidii kitu aliye ndani ya blanketi. Wewe mwenyewe si ndiyo maana unajifunika?

Na ile kujizima yenyewe ni rehema. Mwaka 2001 kuna wataalamu walirekodi video wakiondoa chuma cha kupozea kwenye prosesa zinazofanya kazi. Moja ilipunguza mwendo ikapona. Nyingine ikaungua ikatoa moshi kwa sekunde chache. Leo mashine nyingi zimefundishwa: joto likikaribia nyuzi 100, zinapunguza kasi, likizidi zinajizima. Kwa hiyo mama ulieuliza kama laptopu ina homa, jibu ni ndiyo. Na kama nilivyokwambia kwa mtoto, homa ni taarifa, tafuta ugonjwa. Kuiwasha tena na tena ni sawa na kumpa mtoto panadol wiki nzima bila kumpima malaria.

Jambo zuri ni kwamba kwetu huku watu wameliwaza hili. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Tumaini pale Iringa, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Iringa, kilianzisha shahada ya teknolojia ya habari kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Joensuu cha Finland. Walichokazania ni mtaala uanze na mazingira ya Tanzania, siyo kunakili wa Ulaya. Huku Mbeya, chuo cha ufundi kilichoanza 1986 ndicho kimekuwa MUST. Ile shida ya 1974, ya mashine bila wataalamu, inapungua. Kijana wa fundi pale Mwanjelwa ni matunda ya safari hiyo, mlipe vizuri.

8. SASA FANYA HIVI

Umeme ukikatika: zima soketi, chomoa kompyuta, chaja, friji na televisheni. Acha balbu moja imewashwa iwe mlinzi wako. Radi ikianza kunguruma chomoa mapema, usisubiri ukatike.

Umeme ukirudi: usiguse kitu. Tazama balbu dakika 10. Ikiwa haifumbi wala haififii, anza na friji, kisha vingine kimoja kimoja. Kompyuta iwe ya mwisho.

Ikiwaka: iache imalize kujikagua, usifungue vitu kumi. Angalia tarehe. Ikiwa imerudi nyuma, badilisha kibetri.

Ikipata moto: iweke juu ya meza au sinia gumu, matundu wazi, chaja nayo isiwe chini ya mto. Ikijizima iache ipoe nusu saa. Ikirudia, mpelekee fundi asafishe feni na kubadilisha ule ute wa kupitisha joto kwenye prosesa. Ukae sehemu ya vumbi, isafishwe kila mwaka baada ya kiangazi.

Usifungue mwenyewe kile kisanduku cha umeme, na mtoto asikichezee. Kinaweza kushika umeme hata kikiwa kimechomolewa.

Betri ya laptopu au simu ikivimba, acha kuitumia na kuichaji leo hii. Iweke mbali na watoto na vitu vinavyowaka, ipeleke kwa fundi. Wala usichaji simu kitandani ulipomlaza mtoto.

Ukiwa na uwezo, nunua UPS kwa kompyuta ya mezani. Inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima. Laptopu yenye betri nzima ina UPS yake tayari. Stebilaiza inasaidia kwa umeme mdogo na mkubwa, lakini haikupi hata sekunde moja ya mwanga.

Na hili naomba msome mara mbili. Umeme ukikatika usiku wa baridi, jiko la mkaa lisiingie chumbani mnakolala. Jenereta isiwashwe ndani wala barazani. Hewa yake haina harufu ya kukuamsha. Laptopu ikifa tutachanga tununue nyingine.

La mwisho ni kalamu. Yule mama wa Chunya alifika kwake salama kwa sababu kuna mtu aliandika kitabuni. Kadi ya kliniki ya mtoto wako itunze kavu, kwenye mfuko wa nailoni, hata kama umeambiwa taarifa ziko kwenye kompyuta. Ipige picha umtumie baba yake au shangazi. Picha za mtoto weka sehemu mbili, kwenye mashine na kwenye flashi iliyo nyumba nyingine. Mdogo wangu alipoteza picha zote za miezi sita ya kwanza ya mwanawe. Laptopu ilipona, diski haikupona.

Mimi pale wodini nimebandika karatasi juu ya kompyuta, nimeandika kwa maka peni: UMEME UKIRUDI, HESABU DAKIKA 10. Wenzangu walinicheka mwezi wa kwanza. Sasa wananikumbusha wao.

Mtumie mama mwenzako ambaye laptopu yake inalala kitandani kuliko baba watoto. Wiki ijayo tunarudi kwenye vichanga: namna ya kumpa mtoto joto usiku wa Juni bila moshi. Usiku mwema.